Ukuta Unapolowa: Namna ya Kukarabati Kuta za Nje za Nyumba za Zamani

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wakazi wa Msasani na maeneo mengine ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari, methali hii inaweza kuchukuliwa neno kwa neno. Kila baada ya masika tunaona lipu iliyobanduka, rangi iliyovimba, unga mweupe unaodondoka chini ya ukuta, na mahali pengine miti ya ukuta ikiwa nje kama mbavu. Wengi wetu hupiga lipu mpya ya saruji, tukapaka rangi, na mwaka unaofuata tukaanza upya. Fedha zinakwenda na ukuta unazidi kuoza kwa ndani.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini kuta za nje huharibiwa na maji, jinsi ya kujua maji yanatoka wapi, na hatua za kufuata ili ukarabati udumu. Tunawaandikia wenye nyumba, wapangaji na mafundi, na hasa wenye nyumba za zamani ambao hawana uwezo wa kubomoa na kujenga upya.

Kwa nini jambo hili ni zito

Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla mji haujaifikia. Hadi leo, pembeni ya majumba makubwa ya Masaki na Oysterbay, zipo nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma. Nyumba moja kama hiyo inaweza kuwa na familia ya mwenye nyumba na wapangaji wanne au watano. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni ya wajane na wazee wengi. Ukuta ukiharibika wapangaji huhama, kodi hukatika, na mwenye nyumba hubaki na kiwanja ambacho wanunuzi wanakimezea mate. Wapo waliouza nyumba za urithi kwa sababu walidhani ukuta hautengenezeki, wakati kazi iliyohitajika ilikuwa ya wiki chache.

Liko pia suala la afya na uhai. Ukuta wenye unyevu huota ukungu mweusi, na ukungu huo huwazidishia shida watoto na wazee wenye pumu. Ukuta wa udongo ulioloa chini unaweza kuanguka usiku watu wamelala. Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Katika mvua za El Niño za msimu wa 2023/24, Waziri Mkuu aliliarifu Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Si wote waliokufa kwa kuangukiwa na kuta, lakini kila msimu wa mvua kubwa kuta zilizochoka ni miongoni mwa vitu vinavyoua.

Maji huingia kwa njia tano

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kutibu jeraha bila kujua limesababishwa na nini. Kabla ya kununua mfuko wa saruji, tujiulize maji yanatoka wapi. Kwa nyumba zetu za pwani njia ni hizi:

1. Mvua inayopiga ukuta. Masika huja Machi hadi Mei, wakati upepo wa kusi unaanza. Ukuta unaotazama kusi na mashariki ndio unaoumia zaidi, hasa kama paa halikutokeza vya kutosha. Madoa huonekana juu au katikati ya ukuta, na huzidi siku za mvua.

2. Matone yanayoruka kutoka chini. Maji ya paa yakidondokea kwenye udongo au saruji karibu na ukuta, huruka na kuupiga. Utaona tope na lipu iliyoliwa kuanzia chini hadi kiasi cha sentimita 30 au 50.

3. Unyevu unaopanda kutoka ardhini. Tofali, udongo na mawe ya matumbawe hunyonya maji kama utambi wa taa. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa karatasi ya nailoni nzito juu ya msingi ya kuzuia maji yasipande. Alama yake ni mstari wa unyevu unaotembea karibu usawa mmoja kuzunguka nyumba, mara nyingi hauzidi mita moja, na haukauki hata kiangazi.

4. Chumvi. Hewa ya bahari ina chumvi, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mchanga wa pwani au matofali yaliyofyatuliwa kwa maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi huyeyuka ukuta ukilowa. Ukuta ukikauka, chumvi huganda na kuwa punje nyuma ya lipu. Punje hizo hutanuka na kuisukuma lipu nje kidogo kidogo. Ule unga mweupe tunaoufagia kila asubuhi ndio huo. Zaidi ya hayo, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana ukuta unaweza kulowa hata bila mvua.

5. Mabomba, karo na mafuriko. Bomba linalovuja ndani ya ukuta, shimo la choo lililojaa, au karo lililo karibu na msingi hulowesha sehemu moja tu, tena wakati wote. Katika Bonde la Mpunga, ambalo jina lake lenyewe linasema lilikuwa shamba la aina gani, maji hutuama baada ya kila mvua kubwa na kuloweka kuta kwa siku nyingi.

Vipimo rahisi vya kufanya mwenyewe

Hakuna haja ya mashine. Chukua kalamu ya risasi na uchore mstari mahali unyevu unapoishia, andika na tarehe. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja. Mstari ukipanda na mvua na kushuka na jua, shida ni mvua. Usipobadilika, shida ni ardhi, chumvi au bomba.

Gonga lipu kwa kishikio cha nyundo. Sauti nzito maana yake lipu imeshika. Sauti tupu kama ya debe maana yake imeachana na ukuta, na itaanguka tu. Zungushia alama ya chaki kila mahali panapotoa sauti tupu.

Chukua kipande cha nailoni ngumu cha mraba, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakijikusanya upande wa nje, ni unyevu wa hewa.

Kwa nyumba ya miti na udongo, chomeka bisibisi au msumari mrefu kwenye miti iliyo karibu na ardhi. Ukizama bila nguvu, mti umeoza au umeliwa na mchwa. Mwisho, ning'iniza timazi kwenye kona na katikati ya kila ukuta, uone kama ukuta umelala.

Kwa nini saruji peke yake haitoshi

Tangu kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kianze uzalishaji mwaka 1966, saruji imekuwa dawa ya kila kitu. Ni nzuri mahali pake. Lakini nyumba nyingi za zamani hazikujengwa kwa saruji. Kuta zake ni boriti za mikoko, fito, udongo na mawe madogo, au ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kuta hizo zimezoea kupumua: zinalowa kidogo, kisha zinakauka kupitia usoni.

Tukiufunika ukuta wa namna hiyo kwa lipu ngumu ya saruji, mambo mawili hutokea. Kwanza, udongo na saruji havivimbi wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, kwa hiyo nyufa ndogo hutokea na maji huingia. Pili, maji yaliyoingia hayawezi kutoka. Yanabaki ndani, yanalainisha udongo, yanaozesha miti, na mchwa wanakaribishwa. Kwa nje nyumba inang'aa. Kwa ndani ukuta ni uji. Siku lipu inapobanduka kwa ubao mzima, mara nyingi hakuna ukuta nyuma yake.

Vivyo hivyo rangi ya mafuta na vigae ambavyo siku hizi hubandikwa sehemu ya chini ya ukuta ili kuficha unyevu. Maji yakizibiwa chini hupanda juu zaidi kutafuta njia, na mstari wa unyevu uliokuwa magotini unafika kiunoni.

Somo hili linajulikana pwani yote. Makaburi ya kale ya Kunduchi na magofu ya Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na yamesimama karne kadhaa. Kilwa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, ikaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, umekuwa ukipambana na paa zinazovuja na lipu za saruji zilizopigwa juu ya kuta za chokaa. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Nyumba zetu ni ndogo kuliko jengo la sultani, lakini mawe yale yale na maji yale yale hufanya kazi ile ile.

Kalenda ya kazi

Ukarabati mzuri huanza kwa kuchagua mwezi. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam tunashauri hivi: bandua lipu mbovu mwezi Juni, masika yakishapita. Acha ukuta ukauke Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Piga lipu mpya Septemba, kabla vuli haijaanza Oktoba. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba ukuta mzito hukauka kiasi cha sentimita 2.5 kwa mwezi. Tofali la inchi 5 lililolowa kabisa linaweza kuhitaji miezi miwili au mitatu likikaukia pande zote mbili, na zaidi likikaukia upande mmoja. Subira hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote, na haigharimu hata senti.

Hatua ya kwanza: zuia maji

Kama fedha zinatosha kwa jambo moja tu mwaka huu, zitumike hapa.

- Paa. Badilisha bati zilizotoboka na misumari iliyolegea. Paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60. Kama ni fupi, fundi seremala anaweza kuunganisha vipande vya mbao kwenye kenchi na kuongeza bati.

- Gata. Funga gata upande unaomwaga maji mengi na uyapeleke kwenye pipa, tangi au mtaro. Maji hayo yanafaa kufulia na kuoshea vyombo.

- Udongo. Katika mitaa mingi barabara na uwanja vimepandishwa kwa vifusi mwaka hadi mwaka, mpaka sakafu ya nyumba imekuwa chini kuliko njia. Chimba na uondoe udongo unaogusa ukuta mpaka uone msingi. Ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi.

- Sakafu ya nje. Zungushia nyumba ukanda wa kokoto au zege wenye upana wa sentimita 60 hadi 100, ulioinama kuelekea nje. Kokoto ni bora kwa ukuta wa udongo, kwa sababu matone hayaruki na ardhi inaendelea kupumua.

- Mtaro. Chimba mtaro mdogo unaopeleka maji mbali na msingi. Hapa tunawaomba majirani mzungumze. Mtaro unaoishia mlangoni kwa jirani ni ugomvi wa masika ijayo.

- Mabomba na karo. Funga koki zote usiku, soma mita, soma tena asubuhi. Ikiwa namba zimetembea, kuna bomba linalovuja.

Hatua ya pili: bandua na usafishe

Bandua lipu yote inayotoa sauti tupu, kisha endelea sentimita 30 zaidi ya mahali unyevu unapoishia. Usiache vipande vinavyoshika nusu nusu kwa kuhurumia fedha.

Chumvi isafishwe kwa brashi kavu au fagio la chelewa. Usiimwagie maji, kwa sababu maji huirudisha ndani. Fagia kila wiki katika muda wa kukauka. Chumvi itakuwa inatoka kidogo kidogo. Unga na kifusi hicho kitupwe mbali. Kisichanganywe kamwe kwenye lipu mpya.

Tahadhari mbili. Nyumba nyingine za zamani, hasa kota na majengo ya serikali ya miaka ya nyuma, zina mapaa au mbao za ukuta za asbesto, yaani karatasi za saruji zenye nyuzi. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Usizikate, usizitoboe wala kuzivunja. Waulize wataalamu wa manispaa kabla ya kuzigusa. Pili, mtu anayebandua lipu au kuchanganya chokaa avae miwani, kitambaa puani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni, oshwa kwa maji safi mengi papo hapo, kisha nenda hospitali.

Hatua ya tatu: tengeneza mwili wa ukuta

Ukuta wa miti na udongo. Kabla ya kugusa mti wowote, egemeza paa kwa nguzo za muda, upande wa ndani na wa nje. Kata mti uliooza juu ya mahali palipooza, si chini yake. Njia inayodumu ni kujenga ukuta mfupi wa mawe au tofali za saruji sehemu ya chini, wenye kimo cha sentimita 30 hadi 45, kuweka juu yake nailoni nzito ya kuzuia maji, halafu kusimamisha miti juu ya hapo. Kazi hii ifanyike kipande kwa kipande kisichozidi mita 1, tena kwa kuruka: kipande cha kwanza, cha tatu, cha tano, vikishakomaa ndipo urudi kwa cha pili na cha nne. Anayefungua ukuta mzima kwa siku moja anahatarisha maisha ya mafundi. Kumbukeni pia kwamba mikoko inalindwa na sheria. Nunueni boriti zenye kibali, au tumieni miti ya kupandwa iliyopakwa dawa ya mchwa.

Ukuta wa tofali za saruji. Tofali zilizolika mpaka zinasagika kwa kidole ziondolewe moja moja na kuwekwa mpya. Nunua tofali zilizomwagiliwa na kukomaa. Tofali likivunjika ukiliachia kutoka usawa wa kiuno, halifai. Iwapo unyevu unapanda kutoka ardhini na uwezo upo, fundi mzoefu anaweza kuingiza nailoni nzito juu ya msingi kwa njia ile ile ya vipande vya kuruka.

Nyufa. Ufa mwembamba kama uzi huzibwa kwa lipu. Ufa unaoingia kidole, au unaopita kwa ngazi kutoka dirishani hadi kwenye msingi, una sababu nyingine. Mwite mtaalamu aone msingi kwanza.

Hatua ya nne: lipu inayofaa ukuta wako

Mchanga uwe wa mto, si wa pwani. Jaza nusu ya chupa nyeupe kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku mmoja. Tope likitengeneza tabaka nene juu ya mchanga, mchanga huo ni mchafu. Uoshwe au utafute mwingine. Maji nayo yawe matamu.

a) Ukuta wa tofali za saruji. Changanya ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa ya mfuko na ndoo 6 za mchanga. Chokaa huifanya lipu iwe laini, isipasuke, na iruhusu unyevu kutoka. Kwa mita 10 za mraba zenye unene wa sentimita 1.5 utahitaji karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, chokaa ya ujazo huo huo, na ndoo 9 hadi 10 za mchanga za lita 20. Nyunyizia ukuta maji kidogo, rusha tabaka la kwanza jembamba, uliache kesho yake ndipo upige la pili. Mwagilia lipu asubuhi na jioni kwa siku 7. Lipu isiyomwagiliwa hupasuka, hata kama saruji ilikuwa nyingi.

b) Ukuta wa mawe ya matumbawe. Usitumie saruji. Loweka chokaa kwa siku moja au zaidi, kisha changanya kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga. Piga tabaka jembamba la sentimita 1, lifunike kwa magunia mabichi lisipigwe na jua, na usubiri wiki moja au zaidi kabla ya tabaka linalofuata. Tununue chokaa ya mfuko. Kuchoma matumbawe mapya ya baharini ni kuwabomolea samaki nyumba ili tujenge zetu.

c) Ukuta wa udongo. Kandika kwa udongo, kisha usiribe kwa udongo laini. Kwa kuwa udongo hautofautiani tu mji kwa mji bali hata shimo kwa shimo, fanya majaribio: changanya kipimo 1 cha udongo wa mfinyanzi kwa 2 vya mchanga, kingine kwa 3, kingine kwa 4, vyote na majani makavu yaliyokatwa. Siriba vipande vidogo ukutani, vikauke. Chagua kile ambacho hakikupasuka wala kusagika kwa kiganja. Michanganyiko iliyolala siku chache hushika vizuri zaidi.

Kwa kuta zote, lipu iishie sentimita 15 juu ya ardhi. Lipu inayogusa udongo ni daraja la maji.

d) Ukuta wa mbao au mabati. Vibanda vya biashara na vyumba vya uani mara nyingi ni vya mbao au mabati. Hapa dawa ni rahisi. Ondoa ubao wa chini ulioza, weka mpya uliopakwa dawa, na uache nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya ubao na ardhi. Panga mbao za juu zikilalia za chini ili maji yateleze. Mabati yasuguliwe kutu, yapakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya mwisho. Kwa hewa ya Msasani kazi hii irudiwe mara ionekanapo kutu, bila kungoja matundu.

Hatua ya tano: rangi

Acha lipu ya saruji na chokaa mwezi mmoja kabla ya rangi. Kwa ukuta wa udongo au matumbawe, rangi bora na ya bei nafuu ni chokaa yenyewe. Iloweke usiku kucha, ichuje, iwe nyepesi kama maziwa, upake mara tatu au nne, kila mara ukilowanisha ukuta kwanza. Wapo wanaoongeza chumvi ili ishike. Kwa ukuta uliokwisha kuumwa na chumvi, tusiongeze. Kwa ukuta wa tofali rangi ya maji inafaa. Rangi ya mafuta ibaki milangoni na madirishani.

Makubaliano na fundi

Ugomvi mwingi hutokana na maneno ya mdomo. Andikeni karatasi moja: kazi gani, vipimo gani vya lipu, nani ananunua vifaa, ufundi kiasi gani na unalipwa kwa awamu zipi. Awamu ya mwisho ilipwe baada ya siku 7 za kumwagilia. Mwenye nyumba au mtu wa kuaminika awepo wakati wa kuchanganya na kuhesabu ndoo.

Mpangaji naye ana sehemu yake. Atoe taarifa mapema akiona bati limetoboka au bomba linavuja. Mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba gharama ya ukarabati ikatwe kwenye kodi ya miezi ijayo. Njia hii imesaidia pale ambapo mwenye nyumba hana fedha taslimu. Familia chache zikichangia kwa zamu, kama mchezo wa upatu, nyumba moja inaweza kukarabatiwa kila kiangazi.

Wakati wa kutokarabati

Tungekuwa hatuwatendei haki wasomaji tukisema kila ukuta unaokolewa. Hameni chumba hicho, na muombe ushauri kabla ya kutumia fedha, ikiwa: ukuta umelala kiasi kwamba timazi linaachana nao kwa zaidi ya sentimita 2 kwa kimo cha mlango, miti mingi imeoza mpaka juu ya magoti, ufa unaongezeka wiki hadi wiki, au maji ya mafuriko yamekaa zaidi ya siku moja kwenye ukuta wa udongo. Msilaze watoto karibu na ukuta wa namna hiyo hata usiku mmoja, hasa mvua ikinyesha.

Kazi inayogusa msingi au kubomoa ukuta ihitaji kwanza ushauri wa ofisi ya serikali ya mtaa na Manispaa ya Kinondoni kuhusu kibali. Na pale nyumba ilipo kwenye njia ya maji, hakuna lipu itakayoibadilisha njia hiyo. Hapo mazungumzo ni ya mtaa mzima: mitaro izibuliwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, taka zisitupwe humo, na anayepandisha kiwanja chake aulize maji ya jirani yatapita wapi.

Kwa kumalizia

Mambo ya kukumbuka ni machache. Tafuta maji yanatoka wapi. Yazuie kwanza. Acha ukuta ukauke. Tumia lipu inayofanana na ukuta wenyewe. Halafu kila mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, zunguka nyumba yako na karai moja la mchanganyiko, uzibe kilichofunguka. Kazi hiyo ya nusu siku ndiyo itakayowabakishia wajukuu nyumba, badala ya habari za kiwanja kilichouzwa.

Tunawakaribisha mafundi na wenye nyumba watuandikie njia walizozijaribu katika mitaa yao, zilizofaulu na zisizofaulu, ili tuzichapishe katika matoleo yajayo. Tunawatakia kiangazi chenye jua la kutosha na kuta kavu.